Moto Ulio Nyuma ya Mfereji

Myahudi anayeshika sheria ya dini yake hafungui mfereji wa maji moto siku ya Sabato. Wa maji baridi anafungua bila wasiwasi: ananawa, anakunywa, anasuuza kikombe. Mifereji miwili imekaa bega kwa bega juu ya sinki moja, mmoja unaruhusiwa na mwingine umekatazwa, na tofauti yake huioni kwa macho. Maji yote yanatoka ukutani, na mkono unaofungua ni ule ule. Lakini kuanzia Ijumaa jua linapotua mpaka Jumamosi usiku nyota zinapotokea, ule wenye alama nyekundu hauguswi.

Nikiyasema haya barazani kwetu Bondeni, mambo mawili hutokea. Kwanza watu wanacheka, manake kwetu maji moto ya mfereji ni anasa; sisi swali letu ni kama maji yenyewe yamekuja. Pili, neno Yahudi likitajwa tu, mazungumzo yanahamia Gaza, na hapo hakuna anayerudi tena kwenye mfereji. Siwalaumu. Lakini mimi nina ugonjwa wa kupenda historia ya vitu vidogo, na hii nimeifuata kwa miezi kadhaa, usiku, kwenye simu, bando likiruhusu. Ni historia ya karibu miaka elfu mbili. Ina paipu zilizovunjwa, ina wahudumu wa hamamu waongo, na Afrika Mashariki yetu imo ndani. Pia ina swali linalomhusu kila anayeishi mjini: unapofungua kitu ukutani, unaanzisha nini upande wa pili, kule usikokuona?

Tuanze na mtambo wenyewe. Taurati inakataza kazi siku ya saba, na kwenye Kutoka 35:3 inautaja moto waziwazi, kwamba usiwashwe majumbani siku hiyo. Marabi waliichambua kazi wakapata aina 39 zilizokatazwa. Orodha yake iko kwenye Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilika mnamo mwaka 200. Kupika ni aina mojawapo, na kwa hesabu yao kupika hakuhitaji wali wala mchuzi. Ukichukua maji baridi ukayapasha mpaka yafike kiwango fulani cha joto, tayari umepika. Kiwango hicho wanakiita joto ambalo mkono unalikimbia. Talmudi ya Babeli inaongeza kipimo: ni joto la kuunguza tumbo la mtoto mchanga. Wanazuoni wa siku hizi, wenye vipimajoto, wengi husema ni nyuzi 45 hivi, na wengine hushuka kidogo.

Sasa fikiria tangi la maji moto. Tangi la kawaida huwa limejaa muda wote. Ukitoa lita moja ya moto kwa juu, lita moja ya baridi inaingia kwa chini. Kwa hiyo anayefungua mfereji mwekundu hachukui tu maji yaliyokwisha kuwa moto. Ameyaita maji baridi yaingie ndani, nayo yakiingia yanapikwa. Na kuzima swichi ya stima Ijumaa mchana peke yake hakusaidii, kwa sababu maji yaliyobaki tangini bado ni moto na yatayapika yatakayowafuata. Anayetaka maji moto ya kunawa uso au kuosha vyombo huyaweka kwenye chupa ya chai kabla ya jua kutua, au hutafuta njia ya kufunga koki inayoingiza maji baridi tangini. Na zile shawa za umeme zinazopasha papo hapo, ambazo Wakenya tunazijua sana, hazina hata mjadala: ukifungua maji, umewasha.

Mara ya kwanza nilidhani ni ushupavu wa watu wa siku hizi waliokosa la kufanya. Halafu nikakutana na kesi ya Tiberia.

Tiberia ni mji ulio kando ya Ziwa Galilaya, na una chemchemi za maji moto ya asili. Mishna inasimulia kwamba watu wa mji huo walipitisha paipu ya maji baridi ndani ya mfereji wa maji ya chemchemi. Maji baridi yanapita, yanapata joto njiani, yanatoka upande wa pili yakiwa moto. Hakuna aliyewasha chochote. Hakuna kuni, hakuna makaa, na siku ya Sabato hakuna hata aliyeinua mkono, kwa sababu paipu ilitegwa mapema. Kama kuna werevu, ni huo.

Marabi wakakataa. Walisema maji yaliyopita humo siku ya Sabato yana hukumu moja na maji yaliyopashwa moto siku ya Sabato: hayaogewi na hayanywiwi. Baadaye, wanazuoni wa Talmudi walipokuwa bado wanaijadili kesi ile, na mmoja wao akiwatetea watu wa Tiberia, mwenzake alimjibu kwamba watu wa Tiberia wenyewe walishaivunja paipu yao zamani. Mjadala ukaishia hapo.

Hebu tazama kilichoamuliwa. Wale watu walikuwa wamejenga kitu ambacho kinamtoa mtu kwenye kazi: joto linakuja lenyewe, wewe unapokea. Sheria ikasema kwamba paipu haiondoi kazi, inaisogeza tu mahali pasipoonekana. Kila hukumu ya mfereji wa maji moto iliyoandikwa tangu wakati huo inarudi kwenye wazo hilo kwa njia moja au nyingine.

Usidhani marabi walikuwa wakiamuru tu na watu wakitii. Talmudi hiyo hiyo ina kisa cha hamamu ambacho kingeweza kabisa kutokea Mombasa. Mwanzoni, inasema, watu walikuwa wakioga siku ya Sabato kwa maji yaliyopashwa tangu Ijumaa. Wahudumu wa hamamu wakaanza kupasha maji Jumamosi yenyewe huku wakiapa kwamba ni ya jana. Basi marabi wakakataza kuoga maji moto, wakaruhusu mtu kukaa kwenye chumba cha mvuke atoke jasho tu. Watu wakaendelea kuoga, wakiulizwa wanasema, "Aa, sisi tunatoka jasho tu." Marabi wakakataza jasho, wakaruhusu chemchemi za Tiberia, kwa kuwa zile hazikuwashwa na mtu. Watu wakaoga maji ya kuni wakasema ni ya Tiberia. Marabi wakakataza na Tiberia pia, wakabakisha maji baridi peke yake.

Na hapo wakaona jambo halisimami. Watu hawaliwezi. Basi wakarudi nyuma hatua moja: chemchemi za Tiberia zikaruhusiwa tena, jasho likabaki limekatazwa.

Mimi nimesoma sheria kidogo sana maishani, lakini sijawahi kuona kitabu cha dini kinachokiri waziwazi namna hii kwamba sheria inapimana nguvu na watu wake. Kila kizuizi kina mtu aliyekizunguka. Na mwisho kuna kikomo, kwa sababu sheria isiyobebeka haibebwi. Mwanachuoni wa Ulaya Akiva Eiger, aliyefariki mwaka 1837, bado alikuwa akiupima mzigo huo alipoandika kwamba mtu aliye katika dhiki ya mwili, hata kama si mgonjwa, anaweza kuoga kwa maji yaliyopashwa kabla ya Sabato.

Wala sheria hii haichukii joto. Kuanzia karne ya 8 yalizuka makundi ya Wayahudi waliofuata andiko peke yake, wakaja kuitwa Wakaraimu. Wao waliposoma kwamba moto usiwashwe majumbani, walielewa kwamba usiwepo kabisa, hata uliowashwa mapema. Wakawa wanakaa gizani na kula chakula baridi. Wafuasi wa marabi wakafanya kinyume kwa makusudi: taa iwashwe Ijumaa kabla ya jua kutua iwake usiku, na chungu cha chakula kiachwe jikoni kikae moto mpaka Jumamosi mchana. Chakula hicho kinaitwa hamin, neno lenye maana ya vitu vya moto. Katika karne ya 12 Rabi Zerahia Halevi aliandika kwamba asiyekula chakula cha moto siku ya Sabato ana walakini katika imani yake.

Lakini chungu kinachoachwa jikoni kina sharti. Jiko la Mishna lilikuwa la udongo, lina nafasi ya vyungu viwili, na kabla ya Sabato makaa yake lazima yaondolewe au yafunikwe na majivu. Nilimweleza hili bibi yangu, ambaye amepikia makaa kwa zaidi ya miaka sitini, nikitegemea aone ni ajabu.

"Wayafunika ili wasije wakayachochea?" akaniuliza.

"Ndiyo, Bibi. Ndiyo sababu waliyoitoa wenyewe."

"Basi hao wajua jiko. Makaa yakiwa mekundu mbele yako, mkono hauna adabu."

Halafu akaniuliza swali ambalo limebadilisha namna ninavyoisoma historia hii yote. "Na nyumba za wakubwa, mwanangu, ambako mwenye nyumba hagusi jiko? Huko nani alikuwa akikatazwa?"

Nitalirudia swali lake. Kwanza jua, maana huwezi kuzungumzia maji moto Mombasa ukaacha jua.

Panda paa lolote la Bondeni uangalie. Matangi meusi ya plastiki yamejipanga mpaka upeo wa macho, na saa nane mchana mwezi wa Februari fungua mfereji uliotajwa kuwa wa maji baridi uone kama utaweka mkono. Hakuna aliyewasha. Je, hayo ni maji yaliyopikwa? Marabi walishalijadili hilo bila kuwa na plastiki. Walisema kupika kwa jua moja kwa moja kunaruhusiwa, na wote walikubaliana. Kupika kwa kitu kilichopata joto kutoka kwa moto kumekatazwa, nako walikubaliana. Ugomvi ulikuja kwenye kitu kilichopata joto kutoka kwa jua: yai likivunjwa juu ya kitambaa kilichochomwa na jua, au likifukiwa kwenye mchanga wa moto. Aliyetembea pekupeku kwenye mchanga wa pwani saa saba mchana anajua hilo si swali la kitoto. Wengi walikataza, wakihofu watu watachanganya joto la jua na joto la moto. Rabi Yose aliruhusu yai la kwenye kitambaa. Huyo Rabi Yose ndiye aliyesema pia kwamba maji ya Tiberia ni moto kwa sababu yanapita mlangoni mwa Jehanamu. Nikipanda ngazi za gorofa ya nne na mtungi begani, namwelewa.

Ugomvi wa yai ulifufuka Israeli katika karne ya 20, mitambo ya kupasha maji kwa jua ilipoenea juu ya mapaa, na hasa baada ya sheria ya mwaka 1980 iliyoilazimisha kwenye nyumba mpya. Je, maji yale yanapikwa na jua lenyewe au na chuma kilichopata joto la jua? Rabi Ovadia Yosef, mzaliwa wa Baghdad aliyekuwa rabi mkuu wa Israeli kuanzia 1973 hadi 1983, aliruhusu mfereji wa mtambo wa jua ufunguliwe Sabato, ilimradi umeme wake wa akiba umezimwa. Wengine wengi hawakukubali. Kenya nayo mwaka 2012 ilitoa kanuni za mitambo hiyo kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, lakini sisi shida yetu ilikuwa bili ya stima.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba dini ya mtaani kwetu nayo ina hukumu ya maji ya jua, na imegeuka upande wa pili kabisa. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliliandika hilo, na akaandika pia kuhusu maji: milangoni mwa misikiti kulikuwa na visima vifupi vya dhiraa moja au mbili, watu wakiteka kwa kata ya mti yenye mpini mwembamba, wakiosha miguu kabla ya kuingia. Kwenye fiqhi ya Shafii, kitabu cha Abu Shuja, ambacho Washafii duniani wamekisoma kwa karne nyingi, kinayagawa maji mafungu manne, na fungu la pili ni maji yaliyopashwa na jua: ni twahara, yanatwahirisha, lakini ni makuruhu kuyatumia mwilini. Wafafanuzi wakaweka masharti, kwamba iwe ni nchi ya joto na chombo kiwe cha madini, kwa kuhofia mbalanga. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, akasema yeye haoni ukuruhu wowote. Maji yaliyopashwa kwa kuni hayana tatizo.

Yaani kwa huyu, moto una tatizo na jua halina. Kwa yule, moto hauna tatizo na jua ndilo la kuangaliwa. Mmoja analinda siku, mwingine analinda ngozi. Ila wote wawili wamefanya kitu ambacho mimi sikuwa nimekifanya hata siku moja: wameyatazama maji moto wakauliza joto lake limetoka wapi.

Sasa, sheria hii ilifikaje kwetu? Sehemu ya jibu ilipita bandarini Mombasa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wake wa makoloni Joseph Chamberlain, iliwapa Wazayuni pendekezo la ardhi Afrika Mashariki. Historia inauita mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, Kenya ya leo. Kongamano lao la Basel mwaka huo lilipiga kura 295 dhidi ya 178 kutuma watu wakaione. Januari 1905 watu watatu, Gibbons, Kaiser na Wilbusch, waliteremka Mombasa wakapanda reli kwenda bara. Ripoti yao haikuwapa wakubwa wao hamu, na kongamano la 1905 likakataa. Wenyeji wa Uasin Gishu hawakuwahi kuulizwa.

Taifa halikuja, lakini familia chache zilikuja. Nairobi ikapata jumuiya yake, na mwaka 1912 Gavana Percy Girouard akaweka jiwe la msingi la sinagogi. Jengo lililopo sasa lilichukua nafasi ya lile la kwanza miaka ya 1950, na liko University Way. Nilipokuwa chuoni Nairobi, kabla ada haijanishinda nikaacha mwaka wa pili, niliupita ukuta wake mara nyingi nikienda mjini bila kujua ni nini.

Uganda nako sheria ilikuja bila Mzungu kuileta. Semei Kakungulu, jenerali wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda kisha wakamvunja moyo, aliisoma Biblia mwenyewe akaamua kuifuata Taurati kama ilivyo. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na wanawe. Alifariki 1928, lakini watu wake, Abayudaya, wako karibu na Mbale mpaka leo, wakiwa wameuvuka utawala wa Idi Amin uliowapiga marufuku na kuwapunguza kutoka maelfu hadi mamia. Kwenye vilima vile, ambako kwa miongo mingi hapakuwa na stima wala mifereji, swali la tangi halikuwepo. Sabato ilikuwa kuni, sufuria na Ijumaa, kama ilivyokuwa Mishna ilipoandikwa.

Na Nairobi ya wakoloni? Hapa ndipo swali la bibi linaporudi. Nyumba nyingi za walowezi nyanda za juu zilikuwa na mfereji wa maji moto bafuni, na nyuma ya nyumba kulikuwa na pipa limejengewa matofali, chini yake kuni. Babu yangu alifanya kazi katika nyumba moja ya namna hiyo Nairobi miaka ya 1950. Bibi anasema kazi yake ya kwanza kila siku, saa kumi na moja alfajiri, kwenye baridi ambayo mtu wa Mombasa hakuizoea, ilikuwa kuwasha moto chini ya lile pipa. Mwenye nyumba akiamka, anafungua mfereji, maji moto hayo. "Babu yako ndiye aliyekuwa maji moto," bibi aliniambia.

Sheria ya Sabato inasemaje kuhusu mtu kama babu? Wengi tumewahi kusikia kwamba Myahudi humwita jirani asiye Myahudi amwashie. Historia ina mifano mingi ya hivyo, ila sheria yenyewe imebana kuliko tunavyodhani. Kwa kawaida hairuhusiwi kumwagiza mtu mwingine akufanyie kazi ambayo wewe umekatazwa. Kuna nafuu kwa mgonjwa na hali kadhaa nyingine, lakini msingi ni huo. Mishna inatoa mfano wa maji: mtu asiye Myahudi akiteka maji anyweshe mnyama wake, Myahudi anaweza kumnywesha wake baada yake. Kama aliyateka kwa ajili ya Myahudi, Myahudi asiyaguse. Maji ni yale yale, kisima ni kile kile; kinachoangaliwa ni jasho lile lilitoka kwa ajili ya nani. Na amri ya Sabato kwenye Kumbukumbu la Torati 5:14 inawataja watumwa, wanyama na mgeni aliye malangoni, kisha inatoa sababu: mtumwa wako apumzike kama wewe.

Andiko linamtaja mtumwa, halimwachi huru. Hilo sitaki kulipamba, hasa mimi wa Mombasa, mji uliouza watu. Hata hivyo kuna siku moja kwa wiki ambayo mwenye nyumba analazimika kuuliza nani yuko nyuma ya ukuta. Siku nyingine sita hakuna anayemlazimisha, na babu alifanya kazi siku zote saba.

Mimi pia niko nyuma ya ukuta siku hizi. Makala hazilipi kodi, kwa hiyo napokea wageni katika nyumba za kupangisha kwa siku, Mji wa Kale. Kwenye maelezo ya nyumba imeandikwa kwamba kuna maji moto saa 24. Maji ya kaunti yakikatika, tangi la juu likikauka, simu napigiwa mimi. Namtafuta hamali wa mkokoteni, tunapandisha mitungi ya lita 20 mmoja mmoja mpaka juu, na mgeni akirudi kutoka Fort Jesus anafungua mfereji, anaoga, hajui kitu. Ndivyo inavyotakiwa. Ukuta umefanya kazi yake.

Na ukuta una nyuma nyingine tena. Tangu miaka ya 1950 sehemu ya maji ya Mombasa inatoka chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi, kwa paipu ya zaidi ya kilomita 200 inayopita kaunti ya Taita Taveta. Watu wa kule wamelalamika kwa miaka kwamba maji yanawapita mlangoni yakija kwetu, huku wao wakitembea kutafuta maji. Sisi Bondeni tunalalamika kwamba hayafiki. Tumesimama ncha mbili za paipu moja na hatujuani.

Sitarajii mtu wa Bondeni aanze kushika Sabato ya Kiyahudi, na mimi mwenyewe sitaishika. Lakini kuna hukumu moja kwenye Mishna ambayo nairudia kichwani ninapopanda zile ngazi. Inahusu mji wenye Wayahudi na wasio Wayahudi, wenye hamamu inayofanya kazi siku ya Sabato. Sabato ikiisha, je, Myahudi anaweza kwenda kuoga? Jibu: kama wengi wa mji si Wayahudi, aoge mara moja, maana maji yalipashwa kwa ajili ya hao wengine. Kama wengi ni Wayahudi, asubiri. Kama ni nusu kwa nusu, asubiri pia. Na muda wa kusubiri umetajwa: ni muda ambao ungehitajika kuyapasha maji hayo kutoka mwanzo.

Hakuna faini wala adhabu. Unakaa tu na kiu yako ya kuoga, Jumamosi usiku, kwa muda ule ule ambao mtu fulani alikaa mbele ya moto kwa ajili yako. Kwa pipa la babu, bibi anasema, ulikuwa kama saa moja na nusu, kuni zikiwa kavu.